Jáchymov: Fedha, Radiamu na Vifua vya Wachimbaji

Jáchymov ni mji wa watu wasiozidi elfu tatu, uliobanwa ndani ya bonde jembamba la milima ya Krušné hory, kaskazini-magharibi mwa Jamhuri ya Cheki, karibu kabisa na mpaka wa Ujerumani. Barabara ya maana ni moja, nayo inapanda mlima, na nyumba zimejipanga kando yake kwa kuwa hakuna kwingine pa kujenga. Mgeni asiyejua habari zake anaweza kupita bila kusimama. Lakini katika miaka ya 1530, ukiutoa mji mkuu Prague, hapakuwa na mji wenye watu wengi zaidi katika Bohemia nzima.

Kilichowaleta watu ni madini ya fedha. Mwanzoni mwa karne ya 16 bonde hilo lilikuwa na mahame ya kijiji kilichoitwa Konradsgrün na msitu mnene wa misonobari. Mwamba wenye fedha ulipoonekana, makabaila wa ukoo wa Schlick, wenye ardhi, walianzisha makazi rasmi mwaka 1516. Upande wa pili wa mpaka kulikuwa tayari na mji wa machimbo ulioitwa Annaberg, kwa heshima ya Mtakatifu Anna, bibi yake Yesu. Akina Schlick wakachukua jina la mumewe, Joachim, na bonde likaitwa kwa Kijerumani Joachimsthal. Watu walifurika kutoka Saxony na kwingineko: wachimbaji, wayeyushaji, maseremala, wauza pombe, matapeli. Mahali palipokuwa na watu elfu moja hivi wakati wa kuanzishwa palikuwa na takriban 18,000 kabla ya miaka 20 kwisha.

Stephan Schlick alikuwa mtu mwenye hesabu kali. Badala ya kuuza fedha ghafi, alifua sarafu zake mwenyewe, nzito, zenye karibu gramu 27 za fedha halisi, upande mmoja sura ya Mtakatifu Joachim na upande mwingine simba wa Bohemia. Bunge la Bohemia liliidhinisha ufuaji huo mwaka 1520. Wafanyabiashara waliziita joachimsthaler, kisha wakafupisha wakasema thaler, na kutoka hapo Waholanzi na Waingereza wakapata jina ambalo leo ni dola. Pwani yetu ililijua tawi mojawapo la ukoo huo wa sarafu: reale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria na malkia wa Bohemia, yenye tarehe ya 1780, iliyozunguka Zanzibar, Uarabuni na Uhabeshi muda mrefu baada ya malkia mwenyewe kufa. Na utingo wa Dar es Salaam aliyeita "dala, dala" kudai nauli ya shilingi tano alikuwa anataja bonde la Bohemia bila kujua.

Schlick hakuzifaidi sana sarafu zake. Aliuawa mwaka 1526 katika vita vya Mohács dhidi ya jeshi la Waturuki, siku ileile aliyokufa mfalme wake. Mfalme mpya, Ferdinand wa ukoo wa Habsburg, hakuona sababu ya kuacha kiwanda cha pesa mikononi mwa makabaila, na mwaka 1528 akakichukua. Wachimbaji nao hawakuwa kimya. Mwaka 1525, wakulima wa nchi za Kijerumani walipoasi, wao pia waliinuka na kulivamia jumba la mji.

Mwaka 1527 alifika daktari mpya wa mji, Georgius Agricola. Mchana alitibu, na muda uliobaki aliutumia kuingia mashimoni, kutazama matanuri na kuwauliza wachimbaji maswali. Kitabu alichokitoa kutokana na maisha ya namna hiyo, De re metallica, kilichapishwa mwaka 1556, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na kwa karibu karne mbili ndicho kilichokuwa mwongozo wa uchimbaji Ulaya. Humo kuna magurudumu ya maji, pampu na mifereji ya kuingizia hewa, vyote vimechorwa kwa uangalifu. Kuna pia vumbi. Agricola anaeleza kwamba vumbi kavu huingia kifuani na kula mapafu, na anashauri mchimbaji afunike uso kwa kitambaa. Anataja wanawake wa machimbo ya milima ya Carpathia walioolewa na waume saba, mmoja baada ya mwingine, wote wakamalizwa na maradhi hayo. 

Neema haikudumu. Mashimo yalizidi kwenda chini na maji yakazidi kujaa. Kutoka mwaka 1545 mlima wa Potosí, katika Bolivia ya leo, ukaanza kumwaga fedha ya bei nafuu Ulaya. Kisha vita vya dini vya karne ya 17 vikawapa Waprotestanti, ambao walikuwa wengi wa wachimbaji, uchaguzi wa kubadili dhehebu au kuhama. Wengi walivuka mlima wakaenda Saxony.

Waliobaki waliendelea kukutana na jiwe jeusi, zito, lenye mng'ao wa lami. Lilipojitokeza, mara nyingi mshipa wa fedha ulikuwa umefika mwisho, kwa hiyo wachimbaji walilichukia na kulitupa. Mwaka 1789 Martin Klaproth wa Berlin, akichunguza jiwe la aina hiyo, alitangaza elementi mpya: urani. Katikati ya karne ya 19 Jáchymov ilijengewa kiwanda cha kutengeneza rangi za urani kwa ajili ya vioo na vyombo vya kaure, na mabaki ya kiwanda yalimwagwa msituni.

Mabaki hayo ndiyo aliyoyataka mwanasayansi Marie Curie. Serikali ya Austria, iliyotawala Bohemia, ilimpelekea tani ya kwanza Paris karibu bure, na magunia yalipofunguliwa vumbi la kahawia lilikuwa bado limechanganyika na majani ya misonobari ya Jáchymov. Katika banda alilofanyia kazi, akikoroga kwa fimbo ya chuma iliyokaribia urefu wake, alitenga radiamu. Takataka ikawa kitu ghali kuliko vyote: mwaka 1921 gramu moja iliyonunuliwa na wanawake wa Marekani kumzawadia iligharimu dola 100,000. Jáchymov ikapata hoteli ya kifahari iliyoitwa Radium Palace, na matajiri wakaja kuoga maji ya mgodini yenye gesi ya radoni.

Kilichoiporomosha biashara hiyo ni Katanga, katika Kongo. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ulikuwa na urani tajiri mno hata Wabelgiji, walipoanza kuisafisha nyumbani kwao miaka ya 1920, waliishusha bei ya radiamu dunia nzima. Urani hiyohiyo ya Kongo ndiyo iliyoingia kwa wingi kwenye bomu la Hiroshima.

Bomu hilo likairudisha Jáchymov sokoni. Moskwa ilihitaji urani, na Novemba 1945 Chekoslovakia ilitia saini mkataba wa siri wa kuwauzia Wasovieti. Wakazi wa Kijerumani, waliokuwa wengi mjini, walifukuzwa. Waliochukua nafasi yao chini ya ardhi ni mateka wa vita, na baadaye wafungwa wa kisiasa: mapadri, wakulima waliokataa ushirika, wanafunzi. Bohumil Modrý, golikipa wa timu ya taifa ya mpira wa magongo wa barafuni iliyokuwa bingwa wa dunia, alikamatwa mwaka 1950 akaishia machimbo hayo, na akafariki mapema, mwaka 1963. Wafungwa walifungwa pamoja kwa kamba ya chuma kuzunguka kundi zima, wakitembea hatua fupifupi hadi shimoni. Huko Vykmanov, si mbali na mji, kuna jengo refu la matofali mekundu, Mnara wa Mauti, ambamo urani ilisagwa na kujazwa mapipani huku wasagaji wakivuta vumbi lake bila kinga yoyote. Maradhi aliyoyaandika Agricola yalikuwa yamekwisha kutambuliwa tangu karne ya 19 kuwa ni saratani ya mapafu, na mchango wa radoni ulikuwa unajulikana. Waliojua waliendelea kuchimbisha.

Uchimbaji wa urani ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mgodi wa Svornost, ulioanzishwa karne ya 16, bado unafanya kazi, ila sasa unapampu maji ya radoni kutoka mita 500 chini kwa ajili ya wagonjwa wa viungo. Mwaka 2019 UNESCO iliyaweka maeneo ya machimbo ya milima hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Msomaji utakayefika Karlovy Vary, Jáchymov iko kilomita 20 tu. Iangalie nyumba ya kufulia sarafu, kisha usirudi bado. Kuna njia ya miguu inayopita palipokuwa kambi, waliyoiita Jehanamu ya Jáchymov. Anzia hapo mjini uipande yote.