Dawa Isiyoponya

Njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilikanyagwa na nyayo za wapagazi, si kwato za farasi. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo na farasi wawili. Wote wakafia Kingaru, karibu na pwani, wala Unyanyembe, nchi ya Tabora, hawakuiona. Hata wangevuka hapo, mbele walingojwa na mbung'o, ambaye wengi wa bara humwita ndorobo. Kwa hiyo Kiswahili cha Tabora kimetajirika kwa mzigo, mpagazi na kirangozi, ila mashindano ya farasi hakikupata kuyasemea.

Mtu wa huku akitaka kueleza kanuni za kupima farasi wa mashindano kama wamepewa vitu visivyoruhusiwa, aanzie wapi? Aanzie duka la dawa za mifugo. Hapo ataona mara moja neno linalotusumbua. Kuna dawa ya kupe, dawa ya minyoo, dawa ya panya; akivuka barabara atauziwa dawa ya meno na dawa ya viatu. Inayoponya ni dawa, inayoua ni dawa, inayong'arisha ni dawa. Ukisema "kupima dawa", mmoja ataona maabara, mwingine ataona mama na kijiko cha sharubati ya kikohozi.

Magazeti yetu hujinasua kwa "dawa za kuongeza nguvu" au "dawa za kusisimua misuli". Kenya wana "pufya" pia, neno fupi linalonivutia. Kwa mkimbiaji maneno hayo yanatosha. Kwa farasi yanaanguka, maana wapo farasi wanaopewa kitu ili watulie, misuli isisisimke kabisa. Wengine hawaongezwi nguvu, wanaongezwa maumivu. Kwenye Olimpiki ya 2008, mashindano ya farasi yalipofanyika Hong Kong, farasi Camiro wa Norway alikutwa na kapsaisini, kile kiini cha ukali wa pilipili. Kikipakwa kwa wingi hutuliza maumivu. Lakini pia huwasha ngozi, na farasi mwenye miguu inayowasha huogopa kugusa mti anaouruka. Norway ikapokonywa shaba ya timu. Pilipili ni nguvu ya nani hapo?

Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, linagawa orodha yake ya vitu visivyoruhusiwa mashindanoni mafungu mawili. La kwanza ni vitu visivyo na kazi halali kwa farasi wa mashindano. La pili ni dawa za kweli, kama fenilbutazoni ya maumivu, ambazo daktari anaweza kumpa mgonjwa ila zisikutwe mwilini siku ya shindano. Kuyaita mafungu yote mawili "dawa haramu" ni kumdhulumu daktari. Mimi ningesema *vitu marufuku* kwa la kwanza na *dawa zenye mipaka* kwa la pili.

Kuna jozi nyingine, na hapa mfugaji wa Urambo au Sikonge anatutangulia. Akimchoma ng'ombe sindano ya ugonjwa wa ndorobo, huelezwa asiuze maziwa mpaka siku kadhaa zipite. Huo ni *muda wa kusubiri*, na neno hilo lihamie kwa farasi bila kubadilishwa. Lakini FEI hutangaza kitu kingine, *muda wa kuonekana*: siku ambazo dawa ilionekana katika farasi wachache waliojaribiwa. Daktari ndiye anayeongeza siku za tahadhari, kwa kuwa miili haifanani. Anayechanganya mida hiyo miwili anaweza kumpeleka mpandaji kwenye adhabu.

Mpandaji, ndiyo, kwa kawaida yeye ndiye anayebeba lawama, hata kama hajui kitu hicho kiliingiaje. Nilifikiria kumwita mnyapara, neno la msafara, lakini limekwisha kunuka gereza. *Mwenye dhamana* linatosha.

Mengine ni mepesi. Sampuli tunayo, mkojo hauhitaji istilahi. Farasi huingizwa chumba chenye majani makavu, mtu akapiga mluzi wa polepole mpaka akojoe. Mkojo hugawanywa chupa A na chupa B, zikafungwa kwa lakiri.

Ombi langu kwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na kwa waandishi wa michezo: "dawa za kuongeza nguvu" libaki kwa kinachoongeza nguvu. Kisichoongeza kitajwe kwa jina lake, hata kama ni pilipili.