BOD na COD: Jinsi uchafu unaooza katika majitaka unavyopimwa

Machi 2022, maji ya Mto Mara nchini Tanzania yaligeuka meusi, yakanuka na samaki wakafa. Kamati ya serikali ilieleza kuwa kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza, vilipunguza oksijeni majini. Wananchi wengi hawakuridhika na maelezo hayo. Je, uchafu wa aina hii hupimwaje?

Uchafu unaooza ni nini?

Ni kinyesi, damu ya machinjio, maji ya kumenyea kahawa, maji ya kuchakatia mkonge na mabaki ya chakula. Vikiingia mtoni, bakteria huvila, na wanapokula hutumia oksijeni iliyomo majini, ileile inayotegemewa na samaki. Lita moja ya maji ya mto yenye joto la nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 tu za oksijeni. Haichukui muda kuisha.

Kipimo cha siku tano

BOD ni kiasi cha oksijeni ambacho bakteria wanahitaji ili kuozesha uchafu huo. Majitaka huchanganywa na maji safi yenye oksijeni, oksijeni hupimwa, kisha chupa hufungwa na kuwekwa gizani kwa siku 5 katika nyuzi 20. Giza huzuia mimea midogo isitengeneze oksijeni mpya. Baadaye oksijeni hupimwa tena. Ikishuka kutoka miligramu 8 hadi 4, na majitaka yalikuwa sehemu 1 kati ya 100, BOD ni 4 mara 100, yaani miligramu 400 kwa lita.

Kipimo cha saa mbili

COD hutumia kemikali kali badala ya bakteria. Sampuli huchemshwa pamoja na asidi kwa saa 2. Kwa kuwa kemikali huunguza hata vitu ambavyo bakteria hawavili haraka, COD kwa kawaida huwa kubwa kuliko BOD.

Sheria inasemaje?

Kanuni za viwango vya ubora wa maji za Tanzania za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayomwagwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 za BOD na 60 za COD kwa lita.

Namba inaweza kupotosha

Sampuli ikikaa juani, bakteria hula uchafu kabla haujafika maabara, na namba hushuka. Ndiyo maana hubebwa kwenye barafu. Kiwanda kikimwaga usiku na sampuli ikachukuliwa mchana, uchafu hauonekani. Kuongeza maji safi kwenye bomba la kutolea nako hushusha namba, lakini uchafu unaoingia mtoni ni uleule.

BOD ndogo pia haimaanishi maji ni salama kunywa. Kipimo hiki hakionyeshi vimelea vya kipindupindu wala zebaki.

Ukiona maji yamebadilika

Andika tarehe, saa, rangi na harufu, piga picha, kisha toa taarifa mapema kwa afisa mazingira wa halmashauri, Bodi ya Maji ya Bonde au NEMC. Maji ya mto hayasubiri. Sampuli ikichelewa siku mbili, uchafu unaweza kuwa umeshapita.