Shamba la Majini: Historia Fupi ya Wakulima wa Mwani wa Unguja



Kikundi chetu kinatimiza miaka kumi. Kurasa nyengine za kijitabu hichi zina hesabu zetu za hisa na mikopo. Mimi nimeombwa niandike historia, na nimeona nisiandike habari zetu peke yetu. Nitaandika habari za mkulima mmoja wa ajabu, ambaye wengi wetu tumezaliwa naye au tumeolewa kwao. Mkulima huyu hana jembe wala hati ya shamba. Shamba lake hufunikwa na maji mara mbili kila siku, na siku nyengine hata kuliona halioni. Huyo ni mama anayelima mwani.

Tuanze na zamani. Kisiwa chetu cha Unguja si sawa kila pahala. Karafuu na minazi mingi ilishika upande wa magharibi, wenye udongo mzuri. Upande wa mashariki, kuanzia Bwejuu, Paje na Jambiani, ardhi ni ya mawe. Mtu huchomeka muhogo, mtama na kunde kwenye vijishimo vya udongo baina ya mawe, akaomba mvua. Akina baba walikwenda kuvua. Akina mama walifukia makumbi ya nazi pwani, wakayafukua, wakayatwanga na kusokota kamba. Maji yakitoka waliokota chaza na kutafuta pweza. Basi pwani ilikuwa yao tangu hapo, ila hakuna aliyeiita shamba.

Mwani nao si mgeni kwetu. Tangu miaka ya 1930 mwani wa kuokota uliuzwa nje ya nchi, mpaka biashara hiyo ikafifia katika miaka ya 1970. Wakati huo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akifanya utafiti na kusisitiza kwamba mwani unaweza kulimwa kama zao jengine lolote. Mnamo mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino.

Kazi yenyewe ni hii. Wakati wa bamvu, la mwezi mwandamo au la mwezi mpevu, maji hutoka mbali. Mama hupiga vigingi mchangani na kutanda kamba baina yake. Juu ya kamba hufunga vipande vya mbegu kwa vikamba vidogo, wenyewe wanaviita taitai. Baada ya wiki sita hivi huvuna, akaubeba mwani mbichi kichwani ukimtiririkia maji ya chumvi, akauanika. Kilo saba au nane mbichi zikikauka hubaki kilo moja tu. Huko nje mwani hutolewa utomvu unaoitwa karagini, ambao huingia kwenye dawa za meno, aiskrimu na vitu vyengine vingi vya madukani.

Mwanzo wanaume nao walilima. Walipoona jasho ni jingi na fedha ni chache, wengi wakarudi kwenye uvuvi na kazi nyengine. Wanawake wakabaki. Wapo waume waliokasirika: mke gani huyu anashinda baharini, nyumba inapikwa na nani? Lakini fedha zilipoingia, maneno yalipungua. Mama alinunua sare za skuli bila ya kumnyooshea mtu mkono. Alinunua kitanda, vyombo, mabati, na wapo waliojenga nyumba. Hii haikuwa fedha ya kuombwa. Ilikuwa yake, na kila mtu mtaani alijua ni yake.

Jamani, sasa tusikilize vizuri, maana hapa ndipo penye somo letu.

Shamba hili lilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, mwenye kamba ndiye mnunuzi. Mkulima aliyepewa kamba na taitai na kampuni aliuza kwa kampuni hiyo hiyo, kwa bei iliyopangwa mbali naye. Ya pili ni bahari yenyewe. Mwani wetu ni wa aina mbili. Kotonii ni mnene na bei yake ni nzuri, mara nyingi hata maradufu. Spinosamu ni mwembamba, bei yake ndogo, ila ni mvumilivu zaidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 maji ya pwani yalizidi joto, na kotonii ukaanza kupauka, kukatika na kufa. Baadaye hata spinosamu ukaguswa. Mama anafika shambani asubuhi, anakuta kamba tupu. Wapo waliovunjika moyo wakaacha.

Wengine hawakuacha, ila hawakuendelea vile vile. Mwaka 2006 Dk. Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Unguja, alishiriki kuanzisha mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti, wafanyabiashara na serikali. Wanawake wa Kidoti, kaskazini, katika kikundi chao cha Tusife Moyo, wakajifunza kusaga mwani na kupika sabuni kwa mafuta ya nazi na viungo. Paje nako sabuni na mafuta ya kujipaka yakatengenezwa. Mwani uliokuwa ukiondoka mkavu kwenye viroba sasa unauzwa kipande kwa kipande, na bei anaisema mama mwenyewe. Pia yalifanywa majaribio ya kulima kotonii kwenye maji ya kina, yasiyo moto sana, kwa nyavu zilizoshonwa kama bomba. Kazi hiyo inataka chombo na kujua kuogelea, na wengi wa mama zetu hawakufunzwa. Jambiani baadhi ya wanawake wamegeukia kulima sponji baharini.

Tusijidanganye. Sehemu kubwa ya mwani wetu bado inauzwa mkavu, na soko la sabuni ni dogo. Tangu 2020 tunasikia sana habari za uchumi wa buluu, na ni habari njema. Lakini Kidoti hawakusubiri neno hilo. Walianza na sufuria.

Na sufuria hiyo lazima inunuliwe na mtu. Hapa nauliza sisi wenyewe. Kila mwaka tukifungua sanduku tunagawana mpaka shilingi ya mwisho. Ni haki yetu, sikatai. Lakini mkulima wa mwani alikwama kwa sababu kamba haikuwa yake. Je, hatuwezi kuacha fungu dogo, lisiguswe kwa harusi wala kwa sikukuu, liwe la vyombo vya kazi tu? Mizani, mashine ya kusagia, sufuria kubwa: kitu kitakachokuwa chetu, tusikikodi kwa yule yule anayetununulia.

Wahenga wamesema, mchumia juani hulia kivulini. Mama wa mwani amechumia juani zaidi ya miaka thelathini, na kivuli chake bado ni kidogo. Miaka kumi ijayo tukizane na suala hilo: jua tumelipata la kutosha, kivuli tumekijenga wapi?