Bunduki ya kuwindia ndani ya basi: inakaa kwa nani?
Hapa Tanzania, mtu mwenye bunduki ya kuwindia kwa leseni huenda akalazimika kusafiri nayo kwa basi. Ugumu huanzia stendi, konda anaposema mzigo mrefu uingie kwenye buti.

Leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ni ya mtu aliyetajwa na silaha iliyotajwa. Konda hayumo. Ukimwachia, silaha iko kwa asiye na leseni, na ikishushwa kimakosa njiani atakayehojiwa ni wewe. Kwa hiyo zungumza na ofisi ya basi kabla ya kukata tiketi. Wakikataa, tafuta usafiri mwingine; usiifiche kwenye gunia.

Toa risasi ukiwa nyumbani, siyo stendi mbele ya watu (wataogopa, na wana haki). Bunduki ikae kwenye mfuko wake, risasi kando, leseni yenyewe mkononi, siyo picha kwenye simu.

Kwa ndege mambo ni kinyume: silaha haiingii na abiria. Huwekwa kwenye mizigo ya chini kwa kibali cha shirika, na risasi zisizidi kilo 5 kwa abiria.

Ukivuka kwenda Kenya, leseni ya Tanzania pekee haitoshi. Tena huko uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977.