Historia ya Ufinyanzi Katika Kikundi Chetu

Kwenye kijitabu hiki mtasoma mengi ya hisa na mikopo. Hapa tunaeleza habari za udongo, maana nao una historia yake katika miaka hii kumi.

Kwetu Wakaguru kufinyanga ni kazi ya akina mama tangu enzi za mabibi. Mtungi ulipoza maji, chungu kilipika mboga, na kilichobaki kilibadilishwa kwa nafaka. Halafu zikaja sufuria za alumini, zikaja na ndoo za plastiki. Ndoo ikianguka haivunjiki, sasa nani abebe mtungi? Tulipoanza kikundi, Gairo ikiwa imeshakuwa wilaya baada ya kutengwa na Kilosa mwaka 2012, wafinyanzi tuliowajua walihesabika kwa vidole. Mabinti zao hawakujua hata udongo unachimbwa wapi.

Basi ilipopendekezwa sanduku letu la kufuli tatu litoe mkopo wa kazi hiyo, maneno yakawa mengi. Wengine walisema hela ya wanachama haiwezi kuzikwa kwenye matope. Mwishowe tulikubaliana, tukamfuata bibi mmoja atufundishe.

Bibi hakuanza na chungu. Alianza na udongo wenyewe: kuutwanga, kuuchekecha, kuuloweka, kuukanda mpaka hewa yote itoke, na kuuchanganya na vigae vilivyosagwa ili usipasuke motoni. Majuma mazima tulikanda tu! Ndipo akatuonyesha kupandisha kamba za udongo, moja juu ya nyingine, kwa mkono mtupu.

Urembo wa majani ulifuata. Jani la mnyonyo au la boga linalazwa upande wa mgongo, wenye mishipa iliyotokeza, juu ya udongo ulioanza kukauka ila bado unabonyea. Linakandamizwa kwa chupa, linabanduliwa taratibu, mishipa yote inabaki. Likiachwa, moto utalila. Jani la muhindi linaacha mistari mitupu, sisi halitupendezi sana.

Wapo waliosema huo ni urembo wa kizungu. Siyo kweli. Pale Dakawa, kwenye barabara yetu hii hii ya Morogoro kwenda Dodoma, watafiti walichimbua vigae vya zaidi ya miaka elfu moja vyenye pembetatu zilizochorwa kwa kitu cha ncha, pamoja na mabaki ya kuyeyusha chuma. Habari zake zilichapishwa mwaka 2000. Na huko Uganda na Rwanda wafinyanzi huviringisha kamba ya nyasi iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, alama zake zikabaki. Jani letu ni ndugu wa kamba ile.

Mkopo ulirudi sandukuni wote na riba yake. Wapita njia wananunua zaidi sahani na vyungu vya maua vyenye majani. Mtungi wa maji tunafinyanga kwa oda tu. Kinachotusumbua sasa ni kuni. Tumeanza kujaribu pumba na mavi makavu ya ng'ombe: vyungu vinaiva, ila vingine vinatoka vyeusi upande mmoja.