Gazeti tando au blogu?

Mwandishi wa Songea, mkoani Ruvuma, anayetuma habari Dar es Salaam anaijua hesabu hii: anaandika aya kumi, zinachapishwa tatu, kisha gazeti lenyewe linasafiri zaidi ya kilomita 900 hadi lirudi Ruvuma. Zile aya saba zilizokatwa ndizo zilizokuwa na kata za Songea kama Lizaboni na Mfaranyaki ndani yake. Akifundishwa kublogu, kinachomvutia kwanza ni nafasi.

Blogu ni tovuti ambayo andiko jipya hukaa juu na la zamani hushuka chini, kila moja likiwa na tarehe, anwani yake ya kudumu na, mara nyingi, mahali pa msomaji kutoa maoni. Mwaka 1997 Mmarekani Jorn Barger aliunganisha neno la Kiingereza la utando (web) na lile la daftari la safari za meli (log), likawa weblog. Mwaka 1999 Peter Merholz akalikata mbele, ikabaki silabi moja, blog; sisi tukaiongezea irabu mwishoni.

Ila kuna waliotaka neno la nyumbani. Ndesanjo Macha, aliyekuwa akiandika katika blogu yake ya Jikomboe, na wenzake walieneza “gazeti tando”. Ni tafsiri yenye fikra, maana tando ni wingi wa utando, na ukoo wake ni ule ule wa mtandao na kutandaa. Mitaani lilishindwa. Blogu limezaa kublogu na mwanablogu bila kumchosha mtu. Gazeti tando halikuzaa kitenzi.

Hata hivyo, darasa la waandishi ningelianza na gazeti tando. Neno gazeti linaleta swali ambalo blogu inalikwepa: mhariri ni nani? Kwenye chumba cha habari stori hupita dawatini, mtu akauliza chanzo, mwingine akadai ibalansiwe. Kwenye blogu kuna simu na kidole. Chukua foleni ya malori ya mahindi kwenye kituo cha Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Picha moja na kichwa cha “wakulima walia” vinatosha kusambaa. Mwanablogu aliyefunzwa anaandika picha ilipigwa lini na wapi, anamtafuta mkulima na msimamizi wa kituo, anaweka bei ya kilo ya siku ile na kuunganisha na andiko lake la msimu uliopita. Hilo la mwisho gazeti la karatasi haliliwezi, na kwa maoni yangu ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Muhidin Issa Michuzi, wakati huo mpigapicha wa gazeti la Daily News, alifungua blogu yake Helsinki Septemba 2005, Ndesanjo akimsaidia. Ilipata wasomaji wengi, hasa Watanzania wa ughaibuni, kwa picha na maelezo mafupi chini yake: nani, wapi, lini. Ufundi wa gazetini huo, uliohamishwa chombo.

Serikali nayo ilikuja kuiona blogu kama gazeti. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai leseni ya shilingi 1,000,000, nyingine kama hiyo kila mwaka, na 100,000 ya maombi. Watetezi wa haki na wadau wa habari walizipinga Mahakama Kuu, Mtwara, wakapata zuio la muda lisilodumu. Kwa mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa kila habari inayotoka, zaidi ya milioni mbili ilikuwa fedha ambayo blogu yenyewe haikuingiza. Baadhi ya wanablogu nchini walifunga blogu zao.

Kwa hiyo habari nyingi zimehamia kwenye mitandao ya kijamii, yaani Facebook, Instagram na magrupu ya WhatsApp. Huko kitenzi ni kurusha, kilichoazimwa redioni. Kinafaa: ujumbe wa WhatsApp ukishasambazwa kutoka grupu hadi grupu hauna tarehe ya asili wala mwenyewe, na mahindi ya mwaka juzi hurudi kama ya leo. Grupu lina thamani ya kunusa habari, maana mtu wa wilaya ya Namtumbo au Mbinga huweka picha kabla ofisa yeyote hajapokea simu. Baada ya hapo ni kumpigia aliyeipiga, kuuliza alisimama wapi, na kumwomba picha nyingine ya eneo lile lile.