Wembe wa Kinyozi na Makali Yake: Kumbukumbu za Nachingwea na Ruangwa

Wahenga waliposema ukiona mwenzako ananyolewa zako tia maji, walikuwa wakieleza kazi. Unywele mkavu ni mgumu, lakini ukilowa hulainika na kuvimba, na wembe hupita bila kuvuta ngozi. Aliyengoja zamu kwa kinyozi alijilowesha kichwa mapema ili asiumie. Wanafunzi wa leo hunyolewa kwa mashine ya umeme, nao huiandika methali hii katika insha zao kwa ufasaha kabisa bila kujua maji hayo yalikuwa ya nini. Ndiyo sababu, ndugu zangu tuliosoma pamoja, nimeona niitumie nafasi hii kueleza habari za wembe wa kukunja katika sehemu zetu, na jinsi makali yake yanavyorudishwa.

Nyembe hizo zilitoka ng'ambo. Miji miwili ndiyo iliyosifika kwa kuzitengeneza: Sheffield huko Uingereza na Solingen huko Ujerumani. Hata baada ya Mmarekani King Gillette kupata hataza ya wembe wake wa kubadilishwa mwaka 1904, vinyozi hawakuuacha wembe wa kukunja, maana kwao chombo kimoja kilichotunzwa vizuri kilitosha maisha mazima.

Nachingwea mji uliletwa na karanga. Mwaka 1946 tume ya John Wakefield ilipendekeza mashamba makubwa sana yafunguliwe Afrika ya Mashariki, na kati ya mashamba 80 yaliyopangiwa Tanganyika, 55 yalikuwa ya Jimbo la Kusini. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, kisha ikafika kwetu. Reli ikajengwa, bandari ya Mtwara ikachimbwa. Mpango ukavunjwa Januari 1951 baada ya kula pauni milioni 36 hivi, na reli yenyewe ikafungwa mwaka 1962. Haya yote tuliyasoma darasani, na jina la Farm 17 lingalipo kutukumbusha. Lakini vitabu vinahesabu matrekta na pauni tu. Havisemi kwamba penye vibarua wengi lazima pawe na mama ntilie, fundi cherehani na kinyozi.

Babu yangu mzaa mama, Mmwera wa upande wa Ruangwa, alikuwa mmoja wa vinyozi hao. Alikwenda Nachingwea mwaka 1948 kutafuta kibarua cha kung'oa visiki, akaona visiki ni vingi kuliko nguvu zake, akanunua wembe wa Sheffield kwa karani aliyekuwa akirudi kwao. Mpango ulipokufa alirudi Ruangwa na wembe wake. Akanyoa watoto wachanga siku ya saba katika nyumba za Kiislamu, akanyoa vijana wa jando, akanyoa wafiwa. Kwa hiyo watu wengi wa kijiji kile walipitiwa na wembe uleule tangu utoto hadi uzee, na hakuna aliyeona ajabu. Ukimpa mtu shingo yako na yeye ameshika chuma kikali, umekwisha kumwamini.

Imani hiyo ilitikiswa na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa umetoa taarifa ya wagonjwa. Watu wa afya walipita vijijini wakihimiza kila mtu awe na wembe wake. Walisema kweli, na babu alikuwa wa kwanza kukubali. Mwaka 1988 aliufunga wembe katika kitambaa, akauweka ndani ya kopo, akaendelea na korosho zake. Wapo wanaosema vinyozi wa zamani walikuwa wakaidi. Mimi huwajibu kwamba huyu mmoja aliacha riziki yake bila kushurutishwa.

Kopo lile lilinifikia mimi alipofariki mwaka 2004. Wembe ulikuwa umeshika kutu na una mapengo mawili madogo. Binamu yangu alishauri tumpe mnoaji wa baiskeli, yule anayezungusha jiwe kwa pedeli. Nilikataa. Mnoaji huyo ni hodari kwa panga na mkasi, lakini jiwe linalozunguka kasi hutia joto, na ncha nyembamba ya wembe ikipata joto hadi kubadilika rangi, ugumu wa chuma umepotea, hata ukinoa namna gani makali hayatadumu.

Kutu huondolewa taratibu kwa mafuta ya cherehani na msasa laini sana, bila kugusa ncha. Kisha huja mawe, nayo lazima yawe bapa kabisa na yenye maji. Mimi hutumia matatu: la namba 1000, la 4000 na la 8000. Babu alikuwa na kinoo kimoja tu cha kahawia na mkanda wa ngozi, akatosheka. Siri ni kulaza wembe ubapa, mgongo na ncha vyote viguse jiwe. Unene wa mgongo ndio unaopima mwinamo, kwa hiyo ukiinua mgongo umeharibu kazi. Husukumwa ncha ikitangulia, hugeuzwa, hurudishwa kwa upande wa pili, pande zote mbili idadi sawa. Mapengo yale yaliniweka kwenye jiwe la kwanza jioni tatu.

Kupima ndiko kunakowashinda wengi, kwa kuwa wanataka kipimo kimoja. Kwanza ni taa: elekeza ncha juu, chini ya mwanga. Ncha kali haionekani. Mahali panapong'aa kama uzi mweupe ni butu. Kipimo cha pili ni ukucha wa kidole gumba, unaopitiwa polepole kutafuta pengo. Hiki ni cha mwanzo tu, maana ukucha nao hula makali. Wembe ukitoka jiwe la 1000 lazima unyoe malaika ya mkono yakiwa makavu, ukigusa ngozi, bila kukwaruza. Usiponyoa, usiende jiwe la pili. Jiwe laini halisahihishi kazi mbovu ya jiwe kubwa, linaing'arisha tu.

Baada ya jiwe la mwisho huja mkanda wa ngozi, na hapa mwendo hugeuka: mgongo ndio hutangulia, ncha hufuata, la sivyo utakata mkanda. Mara 50 zatosha. Kisha hushikwa unywele mmoja uliooshwa, kwa upande wa shina, na kuangushwa juu ya ncha. Ukikatika wenyewe bila kusukumwa, vema. Lakini tumia nywele za mtu mmoja siku zote, kwa kuwa zinapishana unene, na ulioupima jana kwa nywele za mtoto usiulinganishe leo kwa ndevu zako. Tena ncha iliyonolewa kupita kiasi hutoa ukingo mwembamba kama utando, ambao hukata unywele vizuri sana na kesho yake umekatika. Hukumu ya mwisho ni shavu lililolowa na povu la sabuni: je, ngozi inawaka baadaye au haiwaki?

Wembe wa babu hauwaki. Nimeupaka mafuta, sasa unalala katika droo nyumbani. Unamnyoa mtu mmoja tu.